Andika Ulichokiona: hotuba kwa wanafunzi wa sayansi, Tanga

Hotuba hii niliitoa Jumamosi hapa Tanga mjini, mbele ya wanafunzi wa sayansi wa kidato cha tatu na cha nne, walimu wao na baadhi ya wazazi. Mvua ya asubuhi iliwazuia wengi wa Pongwe na Muheza, nao wameomba maandishi. Naiweka nzima kama ilivyosemwa. Yale niliyoyachora ubaoni nimeyaeleza kwa maneno.

Ndugu mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi wetu mliofika, na ninyi wanangu mliojaa ukumbi huu mpaka madirishani. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Wanafunzi, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Nimeombwa niseme juu ya ripoti ya maabara, namna ya kuiandika ikapata alama. Nina swali kabla ya yote, na kila mmoja ajijibu moyoni. Unapoandika ripoti ya praktikali, unamwandikia nani?

Nasikia huko nyuma: mwalimu. Haya. Lakini mwalimu alikuwepo! Alikuona ukiosha pipeti, alikuona ukirudia kipimo, alijua kwamba mizani ya meza ya pili ina matatizo. Msahihishaji wa Baraza la Mitihani hakuwepo. Hakukuona. Hajui kama feni ilikuwa inapuliza pendulamu yako, ule mpira unaobembea kwenye uzi, hajui kama bureti yako, ule mrija wenye alama wa kupimia kimiminika, ilikuwa inavuja kwenye koki. Kitu pekee alicho nacho mkononi ni karatasi yako. Wazee wetu walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ripoti ya maabara ipo ili asiyekuwepo naye apate lake: ajue ulifanya nini, uliona nini, na akitaka kurudia, aweze kurudia bila kukupigia simu.

Ukilishika hilo, mengine yote nitakayosema leo utayaona yanatoka humo humo.

Wangapi hapa mnamjua Erasto Mpemba? Nyoosheni mikono. Wachache. Na huyu ni wa kwetu! Mwaka 1963, nchi ikiwa bado inaitwa Tanganyika, Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, kule Lushoto, mkoa huu huu wa Tanga. Vijana wa shule walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Friza ilikuwa ndogo na nafasi za kugombania. Siku moja mwenzake akaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba akaona nafasi inamponyoka, akayatia ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba, yaliyoingia ya moto, yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Wanangu, wengi wetu tungeishia hapo. Mwalimu kasema, kitabu kimesema, basi macho yangu ndiyo yenye kosa. Mpemba hakuishia hapo. Likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa anauza aiskrimu hapa Tanga mjini, akamwambia kwamba yeye siku zote huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Na si huyo peke yake, wauza aiskrimu wengine wa mji huu walikuwa wanafanya vivyo hivyo. Yaani jambo lililokuwa haliwezekani darasani lilikuwa linafanyika kila siku na kulisha watu mitaani kwetu!

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya kidato cha tano na sita, akauliza tena. Safari hii akachekwa. Ikawa mtu akikosea hesabu darasani, wenzake wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Akachukua bika mbili ndogo, moja ya maji ya bomba na moja ya maji ya moto, akaziweka kwenye friji ya maabara, akajionea mwenyewe. Kisha siku moja akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na kuuliza swali lake. Naomba mlisikilize vizuri, kwa sababu ndani ya swali hilo kuna somo zima la leo. Aliuliza hivi kwa maana: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 za sentigredi na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile kilichoanza na nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Hebu tulitazame. Vyombo vinavyofanana. Ujazo sawa. Nyuzi 35 na nyuzi 100. Friza. Kilichotokea ni hiki. Je, kuna neno la ziada hapo? Kuna kilichopungua? Hakusema maji ya moto kiasi, hakusema chombo fulani. Alitaja alichokibadilisha, alitaja alichokiacha kilekile, akatoa namba, akasema alichokiona. Mgeni akarudi Dar es Salaam na sentensi ile, akamwagiza fundi wake wa maabara ajaribu. Hakuhitaji kwenda Lushoto wala kumwita Mpemba. Sentensi ilitosha!

Hiyo ndiyo sehemu ya utaratibu katika ripoti yako. Unapoandika ulipasha maji moto, moto wa nyuzi ngapi? Unapoandika uliongeza asidi kidogo, kidogo cha matone mawili au cha sentimita za ujazo tano? Kitu kimoja ulichokibadilisha kitaje. Vitu ulivyoviacha vilevile vitaje. Na acheni kunakili maagizo ya karatasi ya mtihani kama yalivyo. Karatasi inaamrisha: chukua, mimina, pima. Ripoti inasimulia: ilichukuliwa, ilimiminwa, ilipimwa. Msahihishaji akikuta maagizo katikati ya ripoti yako anajua umedesa, na hajui kama hicho ulichodesa ulikifanya kweli.

Yule fundi wa Dar es Salaam akapata nini? Akarudi kusema kwamba kweli, maji yaliyoanza ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza. Halafu akaongeza jambo ambalo Osborne mwenyewe alilisimulia baadaye: kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Wanangu, mnalielewa neno hilo? Jibu sahihi lilikuwa tayari kichwani mwake kabla hajafungua friza. Jaribio likikataa, jaribio ndilo lenye makosa, lirudiwe mpaka litii. Na hivi ndivyo tunavyofanya shuleni! Tunajua g, mchapuko wa mvutano wa dunia, ni 9.8. Tunajua asidi na besi zitakutana kwenye sentimita za ujazo 25. Tunapika namba. Neno lenu wenyewe hilo, kupika, na linafaa.

Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao pamoja mwaka 1969 katika jarida la kufundishia fizikia. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote, na wanafizikia bado wanabishana: wapo waliolirudia wakaliona, wapo waliolirudia wasilione. Hilo halimpunguzii kitu. Aliandika alichokiona kwa uwazi kiasi kwamba zaidi ya miaka 50 baadaye watu bado wanaweza kumkagua.

Sasa niwape la kuona na la kudhani, maana hapa ndipo alama nyingi zinapomwagika, hasa kwenye kemia.

Tulikuwa na vipande vya jiwe la chokaa, haya mawe yetu ya upande wa Amboni, tunavidondoshea asidi ya hidrokloriki. Msichana mmoja, hodari, wa kwanza darasani, akaandika kwenye safu ya alichokiona: hewa ya ukaa ilitoka. Nikamuuliza, mwanangu, uliiona? Akasema ndiyo. Ina rangi gani? Haina. Ina harufu? Haina. Basi uliionaje?

Akanyamaza kidogo, kisha akashika bomba la jaribio na kuanza upya, na safari hii niliona macho yake yanafanya kazi. Akaandika: mapovu yalitoka kwa kasi juu ya jiwe; jiwe likapungua; gesi isiyo na rangi wala harufu; ilipopitishwa kwenye maji ya chokaa, maji yakageuka meupe kama tui. Hapo ndipo akahamia safu ya pili na kuandika: gesi ni hewa ya ukaa, huenda jiwe lina kabonati. Mnaona tofauti? Safu ya kwanza ni ya macho, pua, mkono na kipimajoto. Safu ya pili ni ya akili. Na msahihishaji anatoa alama kwa kila safu peke yake. Ukiandika hitimisho kwenye safu ya kwanza, umepoteza alama ya kuona hata kama hitimisho lako ni kweli tupu.

Kwenye biolojia ni vilevile. Muhogo ukitiwa iodini, usiandike wanga ulionekana. Andika rangi ya kahawia ya iodini iligeuka buluu iliyokolea kuelekea weusi. Na kama rangi haikubadilika, andika haikubadilika, kisha taja ilibaki rangi gani. Kutobadilika nako ni jambo lililoonekana. Watoto wengi wanaacha safu wazi wakidhani hapakutokea kitu.

Kuna hadithi ninayoipenda juu ya hili, na inatugusa watu wa Tanga. Wavuvi wetu wanaotega jarife kwenye vina virefu, tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wamekuwa wakinasa samaki wa ajabu, mkubwa, mwenye mapezi manene kama miguu. Silikanti. Ndiye aliyetuletea Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga mwaka 2009. Wanasayansi walikuwa wakimjua kwa mabaki ya mawe tu, wakiamini ametoweka tangu enzi za dinosaria. Je, dunia ilijuaje kwamba bado yu hai?

Desemba mwaka 1938, East London, Afrika Kusini, msimamizi wa makumbusho, dada kijana aitwaye Marjorie Courtenay-Latimer, aliitwa kwenye gati kutazama samaki wa meli moja ya uvuvi. Katikati ya rundo akaona mmoja asiyefanana na yeyote anayemjua. Hakujua ni nani. Na hapa ndipo nampenda: hakubahatisha jina. Alimpima, akamchora, mchoro wa haraka wa kalamu, mapezi yale, magamba yale, mkia ule wenye kijimkia cha ziada katikati, akamtumia mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith, aliyekuwa mbali kwenye likizo. Barua ilifika mwanzoni mwa Januari. Smith alipouona mchoro alishtuka. Alipokuja kufika mwenyewe, viungo vya ndani vya samaki vilikuwa vimeshatupwa, kwa sababu alikuwa anaoza. Nyama imeoza, matumbo yametupwa, lakini mchoro na maelezo vilikuwa vimeshafanya kazi yake. Samaki akapewa jina la yule dada, Latimeria.

Mchoro wako wa biolojia, mwanangu, hautakiwi uwe mzuri. Unatakiwa uwe wa kweli. Kalamu ya risasi iliyochongwa, mistari isiyokatika, hakuna kupaka vivuli, vielekezi visivyopishana, na ukubwa wa kuonekana. Na mchore huyo panzi aliyeko mbele yako, mwenye mguu uliokatika kama umekatika, usimchore panzi wa kitabuni.

Namba sasa. Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari, na maabara ni hivyo hivyo. Usomaji wa bureti unaandikwa pale pale, kwa wino, kwenye jedwali ulilolichora kabla ya kuanza, lenye vizio kwenye vichwa vya safu. Si kwenye kiganja. Si kwenye kipande cha karatasi utakachokihamisha baadaye kikiwa kisafi. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya namba, iandike mpya pembeni, ile ya zamani iendelee kusomeka.

Na andikeni 24.30, msiandike 24.3. Mnauliza sifuri ile ya nini? Bureti ina alama za kila sehemu ya kumi ya sentimita ya ujazo. Ukiinama jicho likalingana na maji, ukatazama chini ya ule mpindo wa uso wa maji, unaweza kuona kama maji yako juu ya mstari au katikati ya mistari miwili. Sifuri ya mwisho inamwambia msahihishaji: nilitazama mpaka hapo, nikakuta yako juu ya mstari. Ukiiacha, humwambii hivyo. Na jaribio lile la kwanza, la kukadiria, liandike kwenye jedwali lakini usiliingize kwenye wastani.

Naomba sasa mnivumilie kwenye pendulamu, maana hapa kuna jambo ambalo vitabu vya marejeo havilisemi vizuri.

Wasichana wawili walipima muda wa mabembeo 20 kwa urefu tofauti wa uzi. Urefu wa sentimita 100 wakapata sekunde 38.1. Wakafanya hivyo kwa sentimita 80, 60, 40, wakachora grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu. Mstari ukanyooka, ukapita kwenye sifuri, mzuri kabisa. Wakakokotoa g. Ikatoka 10.9.

Meza ya jirani walikuwa na 9.8 kamili, kila kipimo kimekaa juu ya mstari, hakuna nukta hata moja iliyopotoka. Wale wasichana wakawaangalia kwa wivu. Mngefanya nini ninyi? Semeni kweli!

Hawakupika. Wakaanza kutafuta. Kwanza wakadhani wamekosea urefu, labda walipima uzi tu wakasahau nusu ya mpira wa pendulamu. Lakini, wakasema, kama urefu wote umepungua kwa kiasi kilekile, mteremko wa grafu usingebadilika, mstari tu ungehama na usingepita kwenye sifuri. Na mstari wetu unapita kwenye sifuri. Kwa hiyo si urefu. Basi ni muda, na ni kosa linalogusa kila kipimo kwa uwiano uleule. Mmoja akamwambia mwenzake, hebu hesabu tena, nikusikie. Akauachia mpira, akasema: moja.

Hapo hapo! Alipouachia alisema moja, wakati alitakiwa kusema sifuri. Alipofika 20 yalikuwa yamepita mabembeo 19. Muda ukapungua kwa asilimia 5, g ikapanda kwa karibu asilimia 11. Wakarudia wakianza na sifuri, sentimita 100 ikatoa sekunde 40.2, na g ikaja 9.8, kwa halali yake. Kwenye ripoti wakaacha majedwali yote mawili, la kwanza limepigwa mstari, na aya moja inayoeleza kosa, lilitokea wapi na lilisukuma jibu upande gani.

Ripoti ile ndiyo bora kuliko zote nilizosoma muhula ule. Na angalieni: grafu iliyonyooka haikuwa ushahidi kwamba jibu ni sahihi. Ilinyooka ikiwa na kosa ndani yake.

Kwa hiyo nawaomba, nawaomba sana, acheni kuandika kwenye vyanzo vya makosa kwamba yalikuwa makosa ya kibinadamu. Makosa gani? Ya binadamu yupi? Yaliongeza jibu au yalipunguza? Kwa kiasi gani? Nini kifanyike safari nyingine? Ukiyajibu maswali hayo kwa kosa moja tu, umeandika zaidi ya anayeorodhesha makosa saba aliyoyakariri.

Kwa grafu nitapita haraka: mihimili iwe na majina na vizio, skeli ijaze karatasi, nukta zionekane, na kwa mteremko chagueni pointi mbili zilizo mbali juu ya mstari wenyewe, msichukue tu namba za jedwali.

Hitimisho lijibu lengo. Kama lengo lilikuwa kutafuta g, hitimisho litaje g na kizio chake. Limekwisha. Halihitaji kushukuru wala kusema jaribio lilifana.

Kuna linalowaumiza wengi nanyi hamlisemi: ripoti inaandikwa kwa Kiingereza. Mtu ameona, ameelewa, lakini sentensi haiji, basi anakimbilia sentensi ya kitabu, na hapo ndipo uongo unapoingia bila kukusudia. Fanyeni hivi. Kabla ya kuandika, mwelezeni mwenzenu kwa Kiswahili, kwa sauti, mlichofanya na mlichoona. Akikuuliza swali, ujue hapo pana pengo, lizibe. Halafu andika kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, kitendo kimoja kila sentensi. Msahihishaji hatafuti Kiingereza cha redioni. Anatafuta kilichotokea.

Walimu wenzangu, na kwenu nina neno. Hatuwezi kuwataka watoto waandike walichokiona huku kalamu yetu nyekundu inatoa alama kwa 9.8 peke yake. Mtoto mwenye 10.9 na maelezo tukimpa mawili ya kumi, na mwenye 9.8 ya kupika tukampa tisa, tumeshamfundisha, na atakumbuka. Najua vifaa havitoshi. Najua stopwochi moja inagombaniwa na watoto 40, na bureti zilizovunjika koki hazijarudishiwa. Lakini kusoma jedwali la mtoto na kumuuliza namba hii ulipimaje hakuhitaji bajeti. Na wazazi mlioko hapa, mtoto akirudi na alama ya praktikali, muulizeni aliona nini, kabla ya kumuuliza amepata ngapi.

Pale mezani kuna bureti tatu, pipeti, na asidi iliyokwisha tayarishwa. Kidato cha nne, jigaweni makundi matatu. Chora jedwali kwanza, soma bureti, andika usomaji wa mwanzo kwa desimali mbili, ndipo ufungue koki. Kidato cha tatu, simameni nyuma yao na mwandike mnachowaona wakifanya. Baadaye tutalinganisha karatasi zenu na zao. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Wenye maswali, tuanze na waliokaa madirishani.